Kasongo, Pwani Isiyo na Bahari

Kutoka Kasongo hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo hakuna aliyewahi kuutembea. Misafara ilipita Tabora, ikateremka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kwa majahazi hadi Mtowa, ikapanda milima, ikapumzika Kabambare, ndipo ikashuka kwenye bonde la mto Lualaba, mashariki mwa Kongo. Ilikuwa safari ya miezi mingi, na wengi walioianza hawakuimaliza. Lakini ukisimama leo kwenye barabara kubwa ya Kasongo siku ya Ijumaa saa sita mchana, utaona wanaume waliovaa kanzu na kofia wakielekea msikitini kwa mwendo wa taratibu, na watoto wa madrasa wakikusalimu kwa salamu ambayo mtu wa Lamu au Kilwa angeijibu bila kuuliza ametoka wapi. Hiki ni kisiwa cha pwani kilichowekwa katikati ya bara, na maji yanayokizunguka ni misitu, mito na barabara mbovu.

Mimi nilifika kutoka upande wa Wamaza, kwa pikipiki, wakati wa mvua. Hiyo ndiyo njia ya watu wengi wa huku. Udongo ni mwekundu na mzito, unashika tairi. Penye kijito utakuta magogo mawili au matatu yamelazwa, vijana wamesimama pembeni tayari kusukuma chombo chako kwa franka chache. Ninaowaheshimu kuliko wote katika barabara hii ni watu wa baisikeli. Hawaipandi baisikeli, wanaisukuma. Imefungwa bidoni za mawese kila upande, au magunia ya mchele yaliyopandana hadi kifuani, na fimbo imeshikizwa kwenye usukani ili mtu aweze kuiongoza akiwa amejitenga kidogo na mzigo. Mlima wanaupanda vichwa vimeinama, hawasemi. Zamani njia hii ya Kabambare ilibeba pembe za ndovu kwa mabega ya watu. Leo inabeba mchele kwa mabega yale yale, tofauti ni kwamba siku hizi mwenye bega anarudi nyumbani na pesa yake, ikiwa hakukutana na kizuizi cha watu wenye silaha.

Mchele ndio unaokupokea mjini. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na kina mama wanaugeuza kwa miguu, wakichora mistari kama ya jembe. Wazee watakwambia kwamba mpunga uliletwa na waungwana, na ni kweli kwamba kilimo chake kilienea katika mkoa huu wa Maniema pamoja na misafara ya pwani. Miembe nayo inahesabiwa katika urithi huo. Sokoni nilikula wali, sombe iliyopikwa kwa mawese, na samaki wa Lualaba aliyekaushwa kwa moshi, na mama aliyeniuzia alitaka kujua habari za barabara kabla ya kutaka pesa yake.

"Unatoka upande gani, mwanangu?"

"Wamaza, mama."

"Na huko kunalala?"

Maana yake: je, watu wanalala usiku bila kukimbia? Nilimjibu kwamba siku hizi kunalala. Akashukuru Mungu, kisha akaniongezea kipande cha samaki. Ana ndugu huko.

Kasongo ya leo haiko pale ilipokuwa Kasongo ya kwanza. Mji unaouona, wenye nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa na Wabelgiji, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwanzoni mwa karne ya 20, na ofisi za serikali zenye mabati yaliyoshika kutu, ni mji wa wakoloni. Mji wa zamani uko nje, mahali panapoitwa Tongoni. Nilipelekwa huko na mzee mmoja anayelima pale. Asiyejua angepita bila kugeuza kichwa, kwa maana kuna mashamba ya mihogo, nyasi ndefu, miembe mikubwa iliyozeeka, na vichuguu. Nyumba za zamani zilikuwa za udongo, na mvua ya zaidi ya miaka mia moja imezirudisha ardhini. Baada ya mvua, mzee aliniambia, ndipo vigae vinatoka. Aliinama akaokota kimoja kwenye tuta la mihogo, akakifuta kwa kidole gumba, akanionyesha mchoro wa mistari ukingoni, kisha akakirudisha pale pale alipokitoa.

Hapa ndipo alipokaa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafanya biashara ya pembe na watumwa tangu ujana, na katika miaka ya 1870 akaifanya Kasongo makao yake. Alikuwa na akili ya siasa kuliko ya bunduki. Kwa watu wa Utetela alijitambulisha kama ndugu aliyerudi, akidai kwamba bibi yake alitoka katika ukoo wa mtawala wao, Kasongo Rushie, na kwa dai hilo akapewa utawala. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika katika nchi hii akitafuta njia ya kushuka na mto, na bila watu wa Tippu Tip asingethubutu kuuanza mwendo huo. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimpa cheo cha uwali wa Stanley Falls, pale panapoitwa leo Kisangani. Halafu akazeeka, akarudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Kabla ya kufa aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Basi simulizi la kwanza refu kuhusu nchi yetu lililoandikwa katika lugha yetu ni la mfanyabiashara aliyekuja kuchukua.

Ninalisema hili mbele ya watu wa Kasongo kwa heshima, kwa sababu najua jinsi neno uungwana linavyopendwa hapa. Mwungwana ni mtu mwenye adabu, anayenawa, anayesali, anayejua kusema. Ni fahari ya kweli, na imewasaidia watu kusimama wakati wengine walitaka wainame. Lakini mzee wa Tongoni, tulipokaa chini ya mwembe, alinieleza kwamba bibi yake mzaa baba aliletwa hapa akiwa mtoto, kutoka upande wa magharibi wa mto, na hakujua tena kijiji cha kwao kilikuwa wapi. Alikua katika nyumba ya wenyewe, akafundishwa sala, akaozwa, akazaa, akafa akiwa mwungwana. "Sisi wote hapa," mzee alisema, "ukichimba kidogo, utakuta mtu aliyefungwa kamba." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetoa hesabu ya mavuno.

Kamba hiyo haikuwa ya mfano. Kaskazini-magharibi ya Kasongo, kwenye ukingo wa Lualaba, kuna Nyangwe, kituo kingine kikubwa cha watu wa pwani. David Livingstone alifika huko mwishoni mwa Machi 1871 na alikaa miezi kadhaa akingoja mitumbwi ya kuvukia, mitumbwi ambayo hakuna aliyetaka kumwuzia. Alipenda kwenda sokoni. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake hasa, waliokuja kwa mamia na mamia wakiwa na samaki, mafuta, vyungu, kuku na chumvi, wakivuka mto kwa mitumbwi. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, watu wa wafanyabiashara, walifyatua risasi katikati ya soko hilo. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa ikazama, na walioogelea walipigwa risasi majini. Wafanyabiashara wenyewe walikisia kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake, akaondoka, akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na habari aliyoiandika ilichangia shinikizo lililoufunga mnada wa watumwa wa Unguja mwaka 1873. Kila mwanafunzi wa historia Ulaya anamjua Livingstone. Hao wanawake wa Nyangwe hatujui jina la hata mmoja, na wao ndio waliokuwa mabibi zetu.

Kisha wakaja Wabelgiji, nao walisema wamekuja kuikata kamba.

Vita vilianza mwaka 1892. Tippu Tip alikuwa amekwisha ondoka, na mwanawe Sefu ndiye aliyekuwa mkubwa wa Kasongo. Mjini walikuwapo wajumbe wawili wa dola ya Leopold huku Kongo, luteni Lippens na sajini De Bruyne, walioshikwa kama rehani na mwishoni mwa mwaka huo wakauawa. Jeshi la dola hiyo, likiongozwa na Francis Dhanis na likiwa na maelfu ya wapiganaji wa Ngongo Lutete aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip, liliitwaa Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na tarehe 22 Aprili likaingia Kasongo. Daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, Sidney Hinde, ameeleza walichokikuta: vitanda vilivyochongwa na magodoro ya hariri, vyandarua, mishumaa, sukari, vyombo vya fedha na vya kioo, na nje ya mji mashamba ya mpunga, mahindi na miwa, na bustani za michungwa, mipera, mananasi na makomamanga. Anayesoma maelezo hayo akiwa ameketi Tongoni penye tuta la mihogo anashikwa na kitu kifuani. Ulikuwa mji, na ulikuwa na shibe. Na shibe ile ilipandwa na kuvunwa na watu ambao hawakulala kwenye hariri.

Ngongo Lutete hakupata shukrani yoyote. Mwezi Septemba mwaka huo huo, maofisa wa dola aliyoipigania walimhukumu kwa tuhuma ya usaliti na kumpiga risasi, na amri ya Dhanis ya kuzuia jambo hilo ilifika wakati maiti imekwisha zikwa. Sefu alikufa vitani mwezi uliofuata. Kabambare ilitekwa Januari 1894, Rumaliza, kiongozi mwingine wa watu wa pwani, akakimbilia Tanganyika, na utawala wa watu wa pwani ukaisha.

Ubelgiji ina mji mdogo kwenye bahari ya Kaskazini unaoitwa Blankenberge, ndiko alikotoka sajini De Bruyne. Kwenye barabara ya ufukweni, tangu mwaka 1900, upo mnara wa ukumbusho wa De Bruyne na Lippens, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier. Watalii wanapita na watoto wao wakila aiskrimu. Siwanyimi wale wawili kukumbukwa. De Bruyne alipata nafasi ya kukimbia akakataa kumwacha mkubwa wake mgonjwa, na mtu wa namna hiyo anastahili jiwe katika nchi yoyote. Ninachokiona ni kwamba habari ya Kasongo ina jiwe kwenye bahari ambamo hakuna mtu wa Kasongo anayeoga, na hapa Kasongo, mahali zilipomwagika damu za maelfu, Tongoni haina hata ubao wa mti.

Miaka ya Wabelgiji nitaipita haraka, kwa sababu inafanana na ya sehemu nyingine za Kongo, ila mambo mawili. La kwanza ni pamba. Kulima pamba kwa lazima katika Kongo kulianzia hapa Maniema mnamo 1917, baada ya majaribio kufanywa upande wa Nyangwe. Kila mwanamume alipimiwa shamba, bei ikapangwa na mnunuzi, na aliyeshindwa alikutana na faini, jela au fimbo. Katika nyumba nyingi za huku ukitaja pamba mbele ya mzee, uso unafunga. La pili ni reli. Njia ya reli ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwaka 1911, ili mizigo ipite kando ya maporomoko ya Lualaba, lakini ilijengwa upande wa magharibi wa mto, kwa njia ya Kibombo na Samba. Kasongo, mji mkuu wa jana, ikabaki ng'ambo. Mpaka leo mtu wa hapa akitaka treni lazima kwanza ateremke mtoni atafute mtumbwi wa Wagenia, ambao wameyajua maji haya kabla ya Tippu Tip na kabla ya Leopold, na bado wanaamua nani avuke na saa ngapi.

Nililiona hilo mwenyewe ukingoni. Lualaba hapa ni pana, ya rangi ya chai ya maziwa, na inakwenda bila kelele. Mwenye mtumbwi alitazama mawingu, akatazama mzigo wetu, akashusha magunia mawili, akamwambia mwenye magunia angoje. Mwenye magunia alikuwa mfanyabiashara mwenye simu mbili na sauti kubwa, lakini hakubishana.

Uislamu nao serikali ya kikoloni iliutazama kwa shaka. Shule zilizopewa msaada zilikuwa za misheni, na Mwislamu aliyetaka mwanawe asome alilazimika kuchagua kati ya kalamu na dini. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo linalouma mpaka sasa, kwamba watu waliokuwa wakisoma na kuandika, kwa herufi za Kiarabu, kabla shule ya kwanza ya misheni haijafunguliwa, walihesabiwa kuwa hawajasoma. Mzee mmoja msikitini alinionyesha kitabu cha babu yake, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni, maandishi bado meusi. Hakuna aliyekuja kukipiga picha.

Na si kwamba wataalamu hawafiki Kasongo. Tangu 1971 madaktari wa hapa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp waliendesha mradi wa afya uliojulikana ulimwenguni kote. Watoto waliandikishwa, wakachanjwa surua, wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka, na matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet, yakazua mjadala mkubwa: je, mtoto aliyeokolewa na surua ameokolewa kweli, ikiwa njaa na homa nyingine zinamngoja? Mfumo wa zoni za afya (zones de santé) tunaoutumia Kongo nzima, wa hospitali moja na vituo vyake vijijini, ulijifunza mengi kwa watoto wa Kasongo. Ni jambo la fahari ambalo vijana wengi wa mji huu hawalijui.

Waakiolojia nao walikuja katika miaka ya karibuni, wakiongozwa na Noemie Arazi pamoja na wenzake Wakongomani, wakachimba Tongoni na kukusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 2020 makala yao ikatoka katika jarida la Antiquity. Kazi nzuri, yenye heshima kwa wenyeji. Lakini iko kwa Kiingereza. Karatasi za Dhanis ziko Tervuren, karibu na Brussels, kwa Kifaransa. Kitabu cha Hinde ni cha Kiingereza. Mzee wa mihogo, anayekanyaga vigae kila asubuhi, hana ukurasa hata mmoja wa kusomewa na wajukuu wake, katika nchi ambayo katiba yake inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa.

Vita vya miaka ya karibuni vimeongeza haraka ya jambo hili. Tangu 1998 mji huu umeshikwa na waasi, umezungukwa na wapiganaji wa Mai-Mai, umepokea wakimbizi kutoka Kabambare na upande wa Salamabila, penye dhahabu ya Namoya. Kila mara watu wanapokimbia, wazee ndio wanaofia njiani, na vitabu ndivyo vinavyoachwa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayatoa wazi. Kwa serikali ya mkoa huko Kindu: wekeni alama Tongoni na Nyangwe, kwa Kiswahili, na muwaandike waliofungwa kamba pamoja na waliolala kwenye hariri. Kwa jumba la makumbusho la Tervuren: nakala za karatasi zinazohusu Kasongo zirudishwe Kasongo, na muhtasari wake uwekwe katika lugha ambayo watu wa hapa wanaisoma. Kwa masheikh wa mji: vitabu vya babu zenu vitoeni sandukuni vipigwe picha kabla mchwa hawajavimaliza. Na kwa vijana wa Kasongo, Kabambare na Wamaza, ambao karibu kila mmoja ana simu yenye uwezo wa kurekodi sauti: nendeni kwa bibi zenu wiki hii. Waulizeni mama zao waliletwa kutoka wapi, na nani aliwaleta, na waandikeni kwa majina yao.